Viatu Mia Tatu vya Kushoto

Shoga, leo nimeumbuka kiwandani, acha tu!

Si unaijua ile mashine mpya inayofuma kiatu kizima, hakuna kukata wala kuunga vipande? Bosi kaita wanunuzi, anawaonyesha pipa la taka kama anaonyesha mjukuu. "Tupu! Hata uzi haupotei!" Makofi.

Mama mmoja mnunuzi akajaribu cha kushoto. Kikamkaa. Akaomba cha kulia.

Nikampa. Cha kushoto.

Nikatoa kingine. Cha kushoto!

Yaani vyote mia tatu, shoga! Fundi hodari mimi nilisahau kubadilisha mchoro kwenye mashine. Hongera zangu.

Mama akamuuliza bosi, mpole kweli: "Na hivi mtavitupa wapi? Maana pipa lenu ni dogo."

Bosi akalitazama pipa. Kisha akanitazama mimi.