Adhiambo, Wewe Hukuniacha

Mpendwa Adhiambo, uliyekuwa mchumba wangu,

Barua mbili nilizokutumia zilirudi bila kufunguliwa, na sikulaumu. Hii ya tatu naiandika gazetini, watu wote wakisoma, kwa sababu uongo niliokusingizia niliuimba watu wote wakisikia.

Unakumbuka tulivyoanzisha bendi ya Mawimbi Makavu? Mimi na gitaa langu, Ouko na ngoma zake, chumba cha nyuma ya kinyozi pale Kondele. Kisumu nzima ilikuwa inacheza ohangla na rumba, sisi tunapiga roki, gitaa linalia kama bati linalokatwa kwa msumeno. Majirani wanagonga ukuta. Wewe unakaa juu ya spika, umevua viatu, unasahihisha madaftari. Tukimaliza unasema, ukilifupisha jina langu, "Omosh, maneno hayasikiki. Mtu akilia si lazima apige kelele." Siku moja umeme ulipotea katikati ya mazoezi, na wewe ukaendelea kuimba peke yako kwa sauti mbaya kabisa, mpaka kinyozi akaja na wembe mkononi kuuliza nani anaumwa. Tulicheka hadi Ouko akaanguka kutoka kwenye kiti chake.

Kisha ukapata kazi ya kudumu ya ualimu Mbita. Tukakubaliana tuvuke ziwa pamoja kutoka Luanda Kotieno, feri ya saa mbili asubuhi, nikajitambulishe kwa wazazi wako huko ng'ambo. Siku moja kabla ya safari Ouko akaja mbio: tumeitwa Nairobi kupiga muziki wiki hiyohiyo. "Omondi, ukivuka tu, bendi imekufa," aliniambia. Sikukwambia neno.

Nilikuja, Adhiambo. Hilo ndilo sijawahi kulisema. Asubuhi ile nilifika Luanda Kotieno, nikasimama nyuma ya vichanja vya kukaushia dagaa wa omena, nikakuona umekalia sanduku lako. Kila bodaboda ilipofika ulisimama. Ulimwuliza mpakia mizigo kitu, akatikisa kichwa. Honi ililia, ukabaki umekaa. Ikalia tena, ukawa abiria wa mwisho kupanda. Hatua thelathini hivi zilikuwa kati yetu. Sikutoka.

Nikiwa Nairobi nikaandika ule wimbo. Ndani ya wimbo unapanda feri ukicheka, na mimi nakimbia ufukweni nikiita jina lako. Nililiweka jina lako kwa sababu lilikaa vizuri kwenye tuni. Redio zikaupenda. Kuanzia Asembo Bay hadi Pap Onditi watu waliuimba, watu ambao hawakuwahi kusikiliza roki maishani mwao. Wanaume walinikumbatia barabarani wakiniambia pole. Nami nilizipokea pole zile. Nikajiambia ni wimbo tu.

Mwaka huu mdogo wako Awuor alinikuta soko la Kibuye. Hakunisalimia.

"Unajua dada yangu anaishi aje?" aliniuliza. "Kila mwaka wanakuja wanafunzi wapya. Wiki ya kwanza tu mmoja lazima aulize, 'Mwalimu, ni wewe ulimwacha yule mtu wa feri?' Zamani alikuwa anacheka. Siku hizi anatoka nje ya darasa."

Nilitaka kusema kitu. Akanizuia kwa mkono.

"Na Mama alikufa akimwuliza, 'Kwani kijana wa watu alikukosea nini?' Mama aliamini wimbo wako, Omondi. Akakataa kumwamini mtoto wake mwenyewe."

Bendi ilikuwa inatimiza miaka ishirini, ukumbi mkubwa hapa mjini umeshakodiwa, na kwenye mabango wamechora feri. Nilimwambia Ouko hatutaupiga wimbo ule. Ana mvi siku hizi, na goti linamsumbua.

"Bwana, watu wanatoka hadi Siaya kusikia huo mmoja," alisema. "Huo ndio unatubeba. Hizo zingine wanatuvumilia tu."

Jumapili iliyopita alasiri ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama milangoni. Joto la kukausha samaki. Tulipiga nyimbo nane, za zamani na mpya, wakapiga makofi ya heshima. Halafu wakaanza: "Feri! Feri! Feri!" Nikashika maiki. Nikamwona Awuor amesimama kando ya ukuta.

"Adhiambo hakuniacha," nikasema. "Mimi ndiye nilimwacha. Nilijificha nikimwangalia akiningoja mpaka feri ikaondoka. Huo wimbo ni uongo."

Watu wakacheka.

"Mzee, wacha story, imba!" kijana mmoja akapaza sauti.

Na mama mmoja wa mbele kabisa, machozi yakimtoka, akaniambia, "Pole sana, baba. Yaani alikutesa hivyo na bado unamtetea!"

Nikarudia. Nikasema tena, polepole, kama mtu anayetoa ushahidi. Kadiri nilivyojishtaki ndivyo walivyozidi kunipenda. Wakapiga mbinja. Kisha wakaanza kuuimba wenyewe, ubeti wa kwanza, ukumbi mzima. Ouko akanitazama, akawafuata kwa ngoma. Na vidole vyangu, Adhiambo, vikaanza kupiga gitaa. Sikuimba. Lakini nilipiga mpaka mwisho, huku mamia ya watu wakikuita mtoro wa mapenzi kwa furaha kubwa.

Awuor alinisubiri mlango wa nyuma.

"Nimesikia," alisema.

"Hawakuniamini."

"Mimi nimeamini. Lakini mbona uliendelea kupiga?"

Akaondoka.

Nimetafuta pa kutokea. Nikiimba, nakudhulumu. Nikikataa, wanaimba wao. Nikisema kweli, wanaipigia makofi. Wimbo haunihitaji tena, lakini mimi bado niko ndani yake.

Jana Ouko alinipigia simu. Tumeitwa Nakuru. Nikamwambia mimi sipandi tena jukwaani. Akasema sawa, alilitarajia hilo na wameshapata mwimbaji mwingine kutoka Nairobi. Nyuma yake nilimsikia huyo mtu akifanya mazoezi. Alikuwa analitamka jina lako vibaya, "Adiambo, Adiambo," na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeshafungua mdomo kumrekebisha.

Nikakata simu. Nikachukua kalamu.

Sikuombi jibu. Ukae salama huko Mbita.

Aliyekuwa mchumba wako,
Omondi