Kwa Baba Muuza Nyama, na Paka Aliyegeuza Sikio

Mwaka umepita sasa, Baba, tangu wanaume watatu wakuue kwa nondo ndani ya bucha lako, mchana kweupe, kati ya mzani na friji. Wengine huandika "ulitutoka". Sisi tunashindwa. Wewe hukutoka, ulitolewa.

Tunaikumbuka aproni yako, iliyokakamaa kwa damu hadi ikawa inasimama yenyewe ukiivua. Tunakumbuka mifupa ya supu uliyomfungia bibi wa jirani kila Jumamosi huku ukimfokea, "Chukua uondoke, unanizibia wateja!" Na nyuma yake hapakuwa na mteja hata mmoja.

Zaidi tunakumbuka ulivyojisifia paka wako, Mkaguzi, uliyempa jina hilo kwa sababu hakuna nyama iliyotundikwa kabla hajainusa. Kila asubuhi ulinoa kisu kikubwa, krii, krii, ukaita, "Mkaguzi!" Naye akashuka mbio kutoka juu ya friji kuchukua kipande chake cha mapafu.

"Mnaona?" ulituambia. "Huyu ana adabu kuliko nyie. Nyie nawaita mara tano."

Sisi tukimwita, aligeuza sikio moja tu. Mwili ulibaki palepale, kama bosi asiyetaka kusumbuliwa.

Siku ile wavamizi walipita duka kwa duka wakivunja vioo. Muuza viatu alisikika akipiga mayowe, kisha hakusikika tena. Wewe ulishika kisu uwasubiri. Mama akakupokonya.

"Watatu hao, wewe mmoja! Toka!"

Akakuburuta hadi nje ya mlango wa nyuma. Mlikuwa mmeshapona, Baba. Ndipo ukageuka ukaita, "Mkaguzi! Mkaguzi!" Mama aliliona sikio likigeuka. Paka hakushuka. Ukarudi ndani kumchukua, nao wakaingia kwa mbele.

Nondo ya kwanza ilikupata kisogoni, ya pili usoni. Ulishika ndoano ya nyama usianguke, nayo ikakuchana kiganja. Walipomaliza, damu yako na ya ng'ombe zilikuwa kitu kimoja sakafuni. Fundi cherehani alimkamata Mama kiunoni asiingie. Mama alimng'ata mkono hadi mfupa. Kovu analo, na hutuonyesha kila akitupima nguo.

Tangu hapo Mama hakuwa na adui mwingine duniani. Wale watatu hakuwataja. Alimtaja paka.

"Alisikia! Nimeliona sikio kwa macho yangu mawili! Mume wangu anamwita, yeye anageuza sikio!"

Alimrushia ndala, kigoda, na siku moja sufuria ya maji ya moto. Mkaguzi akahamia darini mwa bucha, mgongo umebabuka. Kisu chako Mama alikifungia kabatini. Kaka, aliyerithi bucha, hukata nyama kwa msumeno wa umeme. Mwaka mzima hapakunolewa kitu pale.

Wiki iliyopita Mama alikuja buchani, kisu chako kimefungwa kwenye kitambaa. Akachukua chuma chako cha kunolea.

"Mama, unataka kukata nini?" kitinda mimba wako akamuuliza.

"Huyo shetani wenu. Leo atanijua."

"Kwa kisu butu hicho? Labda umkate kucha."

"Ndiyo maana nakinoa. Funga mdomo."

Krii, krii.

Dari ikatikisika. Mkaguzi alishuka kama jiwe, akapita katikati ya miguu yetu, akajisugua kwenye kifundo cha Mama, yuleyule aliyemuunguza. Akakaa, akafumbua mdomo. Hakuna aliyekuwa amemwita.

Mama alikuwa ameshainua mkono. Ukabaki hukohuko juu.

"Baba yako alikuwa anaanza na nini?" akauliza polepole. "Jina au kisu?"

"Kisu, Mama. Kila siku."

"Siku ile aliita kwa mdomo tu." Akakitazama kile kisu. "Kumbe huyu hakugoma. Alikuwa anasubiri. Na hiki kilikuwa mkononi mwangu."

Akaketi sakafuni, palepale ulipoangukia, akalia kilio ambacho hakukilia makaburini.

Baba, tunakuomba jambo moja. Ukimjia ndotoni, usimtanie. Mwambie alikupokonya kisu ili uishi. Sisi tumeshamwambia, lakini sisi hatumuwezi, tukisema anageuza sikio tu.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye sasa hunoa kisu chako kila asubuhi. Kaka na mkewe. Dada yako, Shangazi yetu, anayekataa kwamba paka ana akili. Kitinda mimba wako mtundu. Fundi cherehani na kovu lake. Na Mkaguzi, anayekula mapafu mkononi mwa Mama.

Daima, Baba. Kila kisu kikinolewa, tutakukumbuka.