Jina la Mwimbaji

Erasto,

Nimekwenda shambani Mkunya kupuliza salfa kwenye mikorosho kabla umande haujakauka. Mihogo imo sufuriani, ifunike vizuri, paka wa jirani hana adabu. Maji ya ndoo ya bluu ni ya kunywa. Usiyaogee, hapa si chuoni kwenu.

Asubuhi sikukasirika. Haya, nilikasirika. Ulikuwa unaandika amri zako kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta, na nyimbo zote ulizozitoa kwenye kanda zangu zikajipanga zenyewe, kila mwimbaji na chumba chake. Nikafurahi kama mtoto. Kisha nikauona wimbo wa kutwanga wa marehemu mama yako umetupwa kwenye chumba cha "Hajulikani". Ukasema, "Programu haimjui, Baba." Nikaacha chai, nikatoka.

~~Ufute wimbo huo.~~ Usifute! Usiguse chochote kwanza, soma mpaka mwisho.

Jana uliponiuliza kwenye wimbo wa mama yako tuandike jina gani, nilijifanya natafuta kanda nyingine, nawe ukaacha pakiwa patupu. Tangu uzaliwe nimemwita Mama Erasto. Jina lake mwenyewe sijalitamka tangu tumzike, nikiogopa kulia mbele yako. Huku kwenye karatasi hunioni.

Andika: Agatha Mnali.

Halafu irudie ile amri yako, umtoe huko alikotupwa kabla sijarudi. Nikifika usinisemeshe. Uupige tu wimbo wake.

Baba yako,
mume wa Agatha