Kengele ya Baba Mkwe

Mpemba, Tunduma
12 Juni 2025

Wifi yangu mpendwa Anyosisye,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa kwetu, kwenye baridi na vumbi la malori. Hujambo huko Masasi? Na lile goti lako, limepoa? Sisi tu wazima, ila mimi situlii, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unajua kiharusi kilivyomwondolea Baba sauti. Unajua pia alivyoishika mila ya kwenu Ileje, kwamba baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso. Kaka yako Lwitiko akienda Mlowo kununua mahindi, mimi huacha chakula mlangoni, na jirani yetu Jairo ndiye huingia nacho. Mwezi uliopita Baba alianguka kitandani asubuhi, akakaa sakafuni hadi mchana. Nami nilikuwa barazani natengeneza redio za watu, hatua kumi tu kutoka kwake. Inaniuma mpaka leo.

Nikaamua kumtengenezea kengele. Ni transista mbili zinazopokezana, moja ikiwaka nyingine inazima, na spika ya redio mbovu. Baba akibonyeza swichi kule, spika inalia huku barazani. Nilipoijaribu ililia kidogo, ikanyamaza. Nikabadilisha betri, nikabadilisha kapasita, nikagombana na Lwitiko bila sababu. Siku ya tatu ndipo nilipopima, nikakuta transista zote mbili zimewaka kwa pamoja, hakuna inayompisha mwenzake. Rizista, vile vipande vya kupunguza umeme ambavyo ukubwa wake husomwa kwa mistari ya rangi, nilizitoa kwenye redio iliyokaa jikoni miaka mingi, na kwa yale masizi, nyekundu nikaisoma rangi ya machungwa. Kumbe nimeweka ndogo mno. Fundi mzima, wifi, usimwambie mtu. Nilipoweka kubwa, ililia mpaka kuku wakakimbia.

Jairo akaifunga swichi kitandani. Wiki nzima kimya. Nikaifungua kengele mara nne kutafuta ubovu, mpaka Jairo akaniambia, "Dada, hiyo mashine ni nzima. Mzee ndiye haibonyezi. Anaona aibu kumwita mkwewe."

Jumanne ililia, mara moja tu, fupi. Lwitiko alikuwa Mlowo, na Jairo alikuwa shambani. Nilisimama mlangoni, uvumilivu ukanishinda, nikaingia. Alikuwa ananing'inia ukingoni mwa kitanda. Nikamwinua huku natazama ukuta, naye kajifunika uso kwa shuka. Tangu siku hiyo swichi ameificha chini ya godoro.

Nakuomba umpigie simu, Jairo atamshikia sikioni. Wewe bintiye atakusikiliza. Mwambie kengele ile ni ya kumwita Jairo, na Jairo asipokuwepo nitaingia nimefumba macho. Mimi kwenye mashine sina tena cha kurekebisha.

Msalimie baba Loisi, na Loisi mwenyewe. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Spika nimeiweka hapa mezani ninapoandika. Bado haijalia.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Tumpale