Fisi-maji Nyuma ya Ukuta

Jumatatu, 2 Juni
Tangu bureau yetu ifungwe na sote tukose kazi, kila asubuhi nashuka ziwani. Huku Himbi plaji, ufuko wa ziwa, ni vipande vya mchanga mweusi tu, katikati ya mawe ya volkano. Leo nimemuona tena mama fisi-maji — shingo ya madoadoa, samaki mdomoni. Akaingia kwenye kabonde nyuma ya mchanga, na watoto wake wawili wakatoka chini ya mawe kumpokea. Wadogo kama paka! Nikacheka peke yangu, watu wa kuteka maji wakanitazama.

Jumatano, 4 Juni
Mwenye parseli, hiki kiwanja cha ziwani, amejenga ukuta wa mawe kati ya kale kabonde na ziwa. Fundi anasema patron huyo anataka plaji yake mwenyewe, mutu asipite. Mimi nikafurahi: mbwa nao hawatapita. Mama fisi-maji anapanda ukuta bila shida.

Ijumaa, 6 Juni
Vyura wamekufa bondeni. Na kunguru mmoja, mabawa wazi. Nilitaka kushuka, Papa Zihindula, sentineli anayelinda parseli, akanivuta mkono. Mazuku, anasema. Ile hewa mbaya ya ardhini, haina harufu, usiku inalala mahali pa chini. Mbele, kabla ya ukuta, ilikuwa inateremka yenyewe mpaka ziwani. Sasa ukuta umeiziba, bonde linajaa kama beseni. Akawasha karatasi kwenye fimbo, akaishusha. Moto ukazimika hewani.
Mchana, jua lilipoipunguza, tukawaona watoto wa fisi-maji juu ya jiwe. Wanayumba. Wazima.

Jumamosi, 7 Juni
Nimemwomba Papa Zihindula atoboe ukuta chini, mawe machache tu. “Mama Jolie, nikibomoa, kesho mutu mwengine analinda hapa, na batoto bangu banalala njaa.”
Patron yuko Kampala. Nikampigia. Akaniuliza kama sina kazi ya kufanya, akakata. Kweli sina. Nimelia kwa hasira.

Jumapili, 8 Juni
Pentekoste, na sikwenda misa. Niko juu ya ukuta. Hakuna upepo hata kidogo, jua limefichwa na mawingu, hewa mbaya haijapungua.
Papa Zihindula amekuja na nyundo, bila kunisalimia. Anagonga upande wa ziwa. Amenikataza kumsaidia, hewa ikitoka itapita pale pale. Ndiyo maana naandika — sijui mikono yangu niipeleke wapi.
Saruji imekamata. Jiwe la chini halitoki.
Mama fisi-maji ametoka majini na samaki. Amepanda, yuko karibu nami kabisa, hata nyundo haimshitui. Anaita, sauti nyembamba kama filimbi. Bondeni kimya.
Anaita tena.
Mmoja amejibu. Kwa shida, lakini amejibu.
Papa anagonga, anahema. Bado, anasema, bado kidogo. Mama ameachilia samaki, anaangalia chini. Namwambia ngoja, mama, ngoja kwanza, usishuke —