Mgeni Niliyebishana Naye

Sumbawanga,
Jumapili jioni

Mke wangu Mama Subilaga,

Natumaini barua hii itakukuta umepata nafasi ya kuketi kidogo. Mguu wa mama unaendeleaje? Bado unamkanda kwa maji ya moto? Mimi mwili ni mzima. Upepo wa Ufipa tu ndio unaonipasua midomo.

Ule mtihani wa kuingia shahada ya pili niliokuambia, maswali ya hoja ndiyo yaliyonitesa. Wanakupa habari fupi: kijiji kipya kimechimba kisima, wagonjwa wamepungua, kwa hiyo kisima ndicho kilicholeta afya. Kisha wanauliza, nini kinaidhoofisha hoja hii? Mimi afisa mipango, visima ndiyo kazi yangu, nikawa naitetea badala ya kuipima. Mwenzangu wa ofisini, Ndugu Sichone, ndiye aliyenizindua: "Je, kama mwaka uleule walifungua na zahanati?" Kila jioni tukawa tunabishana hivyo, hata nikaanza kuliona pengo kabla yake.

Kisha akahamishiwa Mpanda. Nikabaki nabishana peke yangu. Nakaa kiti hiki natoa hoja, nahamia kile naipinga, tena kwa sauti.

Jumamosi moja mama mwenye nyumba, Mama Desideria, akaingia na ugali wa ulezi na maharage, chakula cha watu wawili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwite mgeni wako anawe."

"Mgeni yupi?"

"Huyo mnayegombana naye tangu mchana. Nikasema hawa wana njaa."

Ikabidi nimwambie ukweli. Alivitazama vile viti viwili, hakucheka. Akavuta kimoja, akanawa. "Basi tule. Ila mimi sijui kubishana." Tukala mpaka sahani ikabaki tupu.

Mtihani nimefanya, na nimefaulu. Maswali ya hoja ndiyo yaliyonibeba. Wananitaka Dar es Salaam, miaka miwili. Siku niliyopata habari nilitembea hadi sokoni nikarudi, maana sikuwa na wa kumwambia. Bado sijawajibu. Mama hawezi safari, nawe huwezi kumwacha, hilo nalijua. Ukisema nisiende, sitakwenda, wala sitakulaumu. Niandikie bila kunificha.

Mpe mama shikamoo yangu, na baba mkwe vilevile. Shemeji anayetupalilia migomba mwambie nimeshukuru. Subilaga akusaidie kuteka maji. Na huyu mdogo aliyezaliwa nikiwa huku, jioni mwonyeshe upande jua linakozama, umwambie baba yako yuko kule.

Mumeo anayekukumbuka,
Andembwisye