Picha Alizokubali Mama

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini wewe, wifi na watoto mu wazima, na kile kifua chako kimepoa. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechoka. Baba anakula kidogo, na kutwa anaipakata kamera yake ya Kijerumani kama mtoto mchanga.

Tangu tumzike Mama, kila ukipiga simu unaulizia picha zake nami nakupiga chenga. Leo nimeishiwa visingizio.

Unamjua Mama alivyokuwa. Mke wa mpiga picha, na nyumba nzima haina sura yake! Baba akiinua kamera, yeye mara hajasuka, mara kavaa nguo za jikoni. Basi wiki ile ya mwisho akamwita Baba mwenyewe. Akaniambia nimsuke, nimpake mafuta, nimwegemeze kwenye mito karibu na dirisha. Baba alichungulia kwenye kile kidirisha cha kamera, akazungusha lenzi polepole mpaka zile sura mbili za Mama zinazoonekana humo kabla picha haijakaa sawa zikaungana zikawa moja. Akasema hajawahi kumwona mzuri hivyo. Mama akamtania kwamba amechelewa sana kugundua. Kamera yenyewe haina kelele, kwa hiyo Mama akasahau kuogopa, akacheka. Mimi nilikuwa nyuma yake nimemshika mabega, uso nimeuficha mgongoni mwake nisije nikaharibu picha.

Baada ya msiba Baba aliniomba nimsaidie kusafisha filamu, kwa kuwa mikono haimtii tena. Ilitoka kwenye dawa angavu kama kioo, mwanzo hadi mwisho, haina picha hata moja. Nilijua papo hapo. Unakumbuka ulivyopiga picha za harusi ya jirani na kifuniko cha lenzi hujakitoa? Baba alikucheka mbele za watu, akasema kwenye kamera hii mtu huchungulia kando ya lenzi, si ndani yake, hivyo utaona kila kitu na yenyewe isione chochote. Hukuigusa tena tangu siku ile. Sasa na yeye yamemkuta yaleyale, na yamemkuta kwa Mama.

Nilitaka kumwambia, Kaka. Lakini alishaichukua filamu, kaiinua kwenye mwanga, anaipitia picha moja moja. Akasema hapa amefumba macho, hapa kidevu kimepanda, hapa anacheka, hii ndiyo yenyewe. Akaniuliza kama naiona. Nikamjibu naiona, Baba, ametoka vizuri.

Sijui kama ni macho yake yamekwisha, au akili, au anajua yote na ananihurumia mimi. Naogopa kuuliza. Kila siku anataka tuichapishe kubwa ya ukutani, nami namwambia karatasi zimeadimika. Mama hatunaye, sura yake hatunayo, na mimi imeanza kunipotea. Nalia jikoni asinione.

Ile ya kucheka ameikata kwa mkasi, akasema ni yako. Imo humu ndani ya bahasha. Usihangaike kuiinua kwenye mwanga. Atakupigia akuulize. Nakuomba umwambie umeona Mama anacheka. Kucheka alicheka, Kaka. Mabega yake yalikuwa mikononi mwangu.

Nisalimie wifi, uwabusu watoto. Mkipata nafasi njooni, nyumba imekuwa kubwa mno kwa watu wawili.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba